Kuipita Sauti ni Jambo Moja, Kudumu ni Jingine



Katika mabweni yetu hakuna mabishano yapendwayo kama yale ya ndege za kivita. Mmoja atasema ndege fulani ya Kirusi huenda mara mbili ya kasi ya sauti. Mwingine atajibu kwamba ya Kimarekani huishinda. Na kengele ya kulala itapigwa kabla hawajapatana. Nimeyasikiliza mabishano hayo tangu nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Sasa nimefika Kidato cha Nne, nimesoma fizikia kidogo na vitabu vya maktaba yetu, na naona wabishi wote husahau swali moja. Huuliza ndege yaweza kufika kasi gani. Hawaulizi yaweza kukaa katika kasi hiyo kwa muda gani. Hilo ndilo nitakalolieleza hapa kwa maneno mepesi, ili ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza, na wazazi wetu pia, wapate kufuata.

SAUTI HUENDA MBIO GANI?

Usiku wa mvua za masika hapa Kongowe, tazama umeme uangazapo, kisha uhesabu polepole mpaka usikie radi. Kila sekunde 3 utakazohesabu ni umbali wa kilometa 1 hivi. Sababu yake ni kwamba sauti husafiri hewani kiasi cha meta 340 kwa sekunde, yaani kilometa 1,225 hivi kwa saa, hewa ikiwa na joto la digrii 15. Hapa kwetu, joto likifika digrii 30, sauti huongeza mwendo ikafika meta 349 hivi kwa sekunde. Lakini huko juu, kilometa 11 kutoka ardhini, mahali penye baridi ya digrii 56 chini ya sifuri, sauti hupungua hata meta 295 kwa sekunde, nazo ni kilometa 1,062 hivi kwa saa.

Basi kasi ya sauti haina kipimo kimoja mahali pote. Ndiyo maana marubani hutumia namba ya Mach, iliyopewa jina la mtaalamu wa fizikia wa Austria, Ernst Mach. Mach 1 ni kasi ya sauti mahali pale ndege ilipo. Mach 2 ni mara mbili yake.

NDEGE ISIYOPIGA HODI

Mtu mstaarabu akienda nyumba ya watu hupiga hodi, na wenyeji hupata nafasi ya kujitayarisha. Ndege iendayo polepole kuliko sauti hufanya vivyo hivyo. Mishtuko midogo ya hewa hutoka puani mwake ikatangulia mbele kwa kasi ya sauti, na hewa iliyo mbele huanza kupisha kabla ndege haijafika.

Ndege ikifika Mach 1, yenyewe na hodi yake hufika pamoja. Hewa haikupata habari, haikupisha, nayo hujibana ghafula ikawa kama ukuta mwembamba. Ukuta huo ni wimbi la mshindo, nalo likifika ardhini watu husikia kishindo kama cha radi. Kuusukuma ukuta huo hutaka nguvu nyingi. Karibu na Mach 1 ukinzani wa hewa huongezeka ghafula, mara kadhaa ya ule wa mwanzo, na injini iliyokuwa ikitosha huonekana kuwa dhaifu.

Mtu wa kwanza aliyethibitishwa kuuvuka mpaka huo katika ndege iendayo sawasawa, bila kuanguka, ni Mmarekani Chuck Yeager, tarehe 14 Oktoba 1947. Alifika Mach 1.06 katika ndege ndogo iitwayo X-1. Lakini ndege hiyo ilibebwa na ndege kubwa hadi juu, ikaachiwa huko, na injini yake ya roketi iliweza kuwaka dakika chache tu. Tangu siku ile ya kwanza, basi, shida ya kudumu ilikuwapo.

MOTO WA NYUMA

Injini ya jeti hufanya kazi nne. Huvuta hewa kwa mbele, huibana kwa safu za mapangaboi, huichanganya na mafuta na kuyawasha, kisha huitoa nyuma kwa nguvu. Ikiwa njiani kutoka, hewa hiyo ya moto huzungusha turbini, na turbini ndiyo inayoyazungusha yale mapangaboi ya mbele. Mafuta yatumikayo ni ndugu wa mafuta ya taa tunayoyajua sote.

Ipo shida moja. Moto ukizidi sana, mabapa ya turbini yatayeyuka. Kwa hiyo mafundi huacha hewa nyingi ipite bila kutumika katika kuunguza, na hewa itokayo nyuma ya turbini bado ina oksijeni. Wakafikiri: mbona tusinyunyizie mafuta mengine huko nyuma, mahali ambapo hakuna turbini ya kuyeyuka? Ndivyo ulivyozaliwa moto wa nyuma. Rubani akiuwasha, mwali mrefu hutoka mkiani, na msukumo wa injini huongezeka kwa nusu nzima au zaidi. Kwa nguvu hiyo ndege hupenya ule ukuta wa hewa.

Gharama yake ni kubwa mno. Msukumo umeongezeka kwa nusu, lakini mafuta huliwa mara 3 au 4 ya yale ya awali. Sababu ni kwamba moto huo huwaka mahali ambapo hewa imekwisha kupoteza mbano wake, na sehemu kubwa ya joto hupotea bure. Mfano wake ni mtu amwagaye mafuta ya taa katika kuni za jikoni. Miali itaruka hadi darini, watoto watashangilia, lakini maharage hayataiva kwa miali ile, na chupa itakuwa tupu. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wa ndege ya kivita ni tangi lake la mafuta.

HESABU YA KUTOKA NGERENGERE HADI MWANZA

Wenzangu wapendao hesabu na wachukue kalamu. Kutoka Kongowe, ukifuata barabara ya Morogoro, kisha reli, utafika Ngerengere, palipo na kituo cha jeshi letu la anga kilichojengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka Ngerengere hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 740 hivi. Sasa tuchukue ndege ya mfano. Tarakimu zake nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi, si za ndege fulani.

Tuseme tangi lake lina mafuta ya dakika 60 iendapo kilometa 900 kwa saa, mwendo ulio chini ya sauti. Itafika Mwanza kwa dakika 49, na mafuta ya dakika 11 yatabaki.

Sasa rubani awashe moto wa nyuma, aende Mach 1.5 huko juu, yaani kilometa 1,590 hivi kwa saa. Kama mafuta huliwa mara 4, yatatosha dakika 15 tu. Katika dakika 15 ndege itakwenda kilometa 397. Itakuwa karibu na Mlima Hanang, tangi likiwa kavu, na Mwanza bado iko mbali. Ile ya polepole imefika. Ile ya mbio imekwama njiani.

Tuseme tena kwamba ipo ndege ya tatu, iwezayo kwenda Mach 1.5 hiyo hiyo bila kuwasha moto wa nyuma, na mafuta huliwa mara 2 tu. Yatatosha dakika 30. Itafika Mwanza kwa dakika 28, na bado itakuwa na mafuta ya dakika 2. Ndege hii ya tatu ina kile ambacho marubani hukiita supakruzi: kusafiri mbele ya sauti kwa nguvu ya injini peke yake. Lakini tazama vema, hata hiyo imekula mafuta mengi kuliko ile ya kwanza. Hakuna kasi ya bure.

NDEGE ZA NCHI ZETU

Katika Afrika ya Mashariki ndege za kupita sauti si jambo geni. Tanzania ilipata MiG-21 kutoka Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1970, na baadaye J-7, ambazo China iliziunda kwa mfano wa MiG-21 hiyo hiyo. Ndege za jamii hii hufika Mach 2. Kenya ilipokea F-5 za Kimarekani mwaka 1978, nazo hufika Mach 1.6 hivi. Uganda ilipokea Su-30MK2 sita za Kirusi kati ya mwaka 2011 na 2012, nazo hukaribia Mach 2. Lakini zote hizi, ili kuipita sauti na kuendelea mbele yake, huhitaji moto wa nyuma. Zote ni wakimbiaji wa mbio fupi.

Vita vya Kagera vilivyoanza mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia katika ardhi yetu, vyatupa mfano. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza. Ilikuwa Tu-22, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, iwezayo kufika Mach 1.4 hivi kwa moto wa nyuma, ingawa safari ndefu huzifanya chini ya kasi ya sauti. Silaha zake hazikuupata mji. Ziliangukia Kisiwa cha Saanane katika Ziwa Viktoria, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, zikaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Mwezi uliofuata majeshi yetu yaliutwaa uwanja wa Entebbe, na huko yakateka MiG-21 kadhaa za Amin. Mach 2 yao haikuziokoa.

Sisemi kasi haina maana. Rubani mwenye kasi humwahi adui, na kombora lililoachiwa na ndege iendayo mbio hufika mbali zaidi. Nasema kwamba tarakimu kubwa iliyoandikwa kitabuni ni ya dakika chache, na mara nyingi ni ya ndege isiyobeba silaha chini ya mabawa.

KUDUMU KUNAPATIKANAJE?

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kubeba mafuta tele na kuuacha moto wa nyuma uwake. Ndivyo ilivyofanya SR-71 ya Marekani, ndege ya upelelezi iliyoruka mara ya kwanza mwezi Desemba 1964. Mwaka 1976 iliweka rekodi ya zaidi ya kilometa 3,500 kwa saa. Lakini ilipaswa kujazwa mafuta hewani na ndege nyingine, tena na tena. Siku hizi haitumiki.

Njia ya pili ni ile ya supakruzi. Si mpya kama wengi wadhanivyo. Mwezi Agosti 1954, ndege ya majaribio ya Uingereza iitwayo P.1, iliyokuja kuzaa ndege ya kivita ya Lightning, iliipita sauti bila moto wa nyuma. Na bingwa wa kudumu katika kasi hakuwa ndege ya vita. Alikuwa Concorde, ndege ya abiria iliyoundwa na Uingereza na Ufaransa, ambayo ilichukua abiria 100 hivi kutoka mwaka 1976 hadi 2003. Iliwasha moto wa nyuma wakati wa kuruka, kisha tena ilipokuwa ikiupenya ule ukuta hadi Mach 1.7. Baada ya hapo rubani aliuzima, na ndege ikaendelea hadi Mach 2 ikavuka bahari ya Atlantiki yote, London hadi New York, kwa saa tatu na nusu hivi.

Ili ndege ipate sifa hiyo, mambo manne lazima yakutane. Moja, umbo liwe jembamba, na mabawa yalale nyuma au yawe ya pembetatu, ili ule ukuta wa hewa usiwe mnene. Mbili, mdomo wa injini uweze kuipunguza mbio hewa iingiayo, maana mapangaboi hayawezi kuimeza hewa iendayo kuliko sauti. Katika Concorde hewa iliyoingia kwa Mach 2 ilipunguzwa hata nusu ya Mach 1 ikiwa bado haijagusa injini, na kule kupunguzwa kuliibana, nao ni mbano wa bure. Tatu, injini yenyewe istahimili joto kali, ili itoe msukumo mkubwa bila moto wa nyuma. Hapa ndipo penye siri kubwa: mabapa ya turbini za kisasa huundwa kwa mchanganyiko wa nikeli na metali nyingine, kila bapa likiwa fuwele moja nzima isiyo na kiungo, na ni mataifa machache yawezayo kazi hiyo. Nne, silaha zifichwe tumboni mwa ndege, maana kila kombora lining'inialo bawani ni mzigo kwa hewa.

Ndege ya kivita ijulikanayo zaidi kwa sifa hii ni F-22 ya Marekani, iliyoanza kazi rasmi mwezi Desemba 2005. Hupita Mach 1.5 bila moto wa nyuma. Typhoon ya mataifa ya Ulaya na Rafale ya Ufaransa nazo zaweza kuipita sauti kwa njia hiyo, ingawa mzigo wa silaha huzipunguzia mwendo. F-35, iliyo mpya kuliko F-22, haihesabiwi miongoni mwao. Walioiunda walitanguliza mambo mengine. Na hiyo F-22, Marekani yenye fedha nyingi iliacha kuiunda mwaka 2011, baada ya kupata ndege 187 za kazi, kwa sababu ya gharama.

YATUHUSU NINI?

Baba yangu ni dereva wa lori katika barabara hii ya Morogoro. Likizo iliyopita alinikuta nikichora injini ya jeti, akaniambia, "Mwanangu, mambo ya ndege za vita ni ya wakubwa. Wewe yatakufaa nini?" Nilinyamaza kwa heshima, maana mkubwa hajibiwi harakaharaka. Mungu akijalia, nataka kuomba nafasi ya kusomea ufundi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, naye bado hajaridhia. Wazazi hulisoma gazeti letu hili, basi jibu langu ni hili.

Baba, kila lori jipya linapoletwa, wewe huulizi kwanza lina mbio kiasi gani. Huuliza linakula mafuta kiasi gani likiwa na mzigo, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Hayo ndiyo maswali ya fundi wa ndege, na ndiyo maswali ya raia. Uganda iliponunua zile Su-30 sita pamoja na zana nyingine, zilitoka dola zaidi ya milioni 700, na Bunge la nchi hiyo lilijadili jambo hilo kwa ukali mwaka 2011. Siku moja sisi tunaosoma hapa tutakuwa wapiga kura na walipa kodi, na wengine watakuwa wabunge au wahandisi. Akija muuzaji akatuambia "Mach 2", itafaa awepo mtu wa kuuliza: kwa dakika ngapi, ikiwa na silaha, na kwa mafuta ya nani?

Tena elimu hii si ya vita peke yake. Injini ya ndege ya abiria itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza hufanya kazi nne zile zile nilizozitaja. Fundi anayejua kwa nini mabapa huyeyuka na kwa nini mafuta hupotea ndiye atakayeifanya ndege hiyo ifike salama, na kwa nauli nafuu.

Nawaomba wenzangu wa mabweni waendelee kubishana, maana ubishi mwema huzaa elimu. Ila atakayetaja Mach, na ataje na dakika zake. Yeyote atakayetaka kuirudia hesabu ya Ngerengere kwa tarakimu nyingine aje tuifanye pamoja siku ya Jumamosi baada ya usafi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV